Sauti Ninazoweza Kuzisimamisha

Ushuhuda tuliozoea kuusikia huku kwetu una mpangilio wake: mtu alikuwa mgonjwa akapona, alikuwa mlevi akaacha, alikuwa hana kitu akafunguliwa milango. Wangu hauendi hivyo. Nilivyozaliwa ndivyo nilivyo mpaka leo, na miaka thelathini nimeshaipita. Kilichobadilika ni kazi. Kazi ilipobadilika, mengi yaliyokuwa yakiniumiza yakakosa pa kushika.

Mimi ni mwanamke wa Didia, wilaya ya Shinyanga, kwenye barabara inayotoka Tinde kwenda Shinyanga mjini na Mwanza. Nina usonji. Kazi naifanyia nyumbani kwa mama: nasikiliza mahojiano ambayo watafiti wameyarekodi vijijini na machimboni, nayaandika neno kwa neno, na yale ya Kisukuma nayatafsiri kwa Kiswahili. Sina bosi wa kunisimamia mlangoni, sina simu ya mapokezi, na siku nyingi hakuna anayenisemesha kabla ya saa saba mchana. Watu wakisikia hayo hunihurumia. Mimi nashukuru.

Ili mtu aelewe shukrani hiyo, nianze na salamu. Msukuma hamsalimii mtu kwa haraka. Asubuhi unaanza na "mwangaluka", unajibiwa, kisha yanakuja ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, na mtoto wa kike anakuwa amepiga goti muda wote huo. Salamu nzima niliikariri nikiwa mdogo, na nilikuwa naitoa bila kukosea. Tatizo lilikuja pale mzee alipochomeka swali ambalo halikuwemo: "Kaka yako amerudi kutoka Kahama?" Hapo nilinyamaza kabisa, na jibu nalijua. Mama alijibu kwa niaba yangu, mzee akaondoka akitikisa kichwa. Wakubwa wa ukoo wakasema jina la marehemu nililopewa halijanikubali. Nikabadilishwa jina, likafanyika na la kufanyika, nikabaki vilevile.

Kulikuwa na mengine. Sare mpya ya shule ilikuwa mateso mpaka ifuliwe mara nyingi ilainike. Siku za gulio niliumwa tumbo kabla hatujatoka nyumbani, maana mle sokoni sauti zote ziliniingia kwa nguvu moja: ya mama aliyenishika mkono, ya muuza nyanya, ya redio, ya mbuzi. Sikujua ipi niifuate. Kwa upande mwingine, nyumba yetu haiko mbali na lami, na nilikuwa nalitambua kila basi la Mwanza kabla halijaonekana, hili kwa breki zinazolia, lile kwa dereva anayechelewa kubadili gia. Ndugu walilichukulia hilo kuwa mchezo wa mtoto asiyependa kucheza na wenzake. Shuleni ripoti ziliandikwa kwa maneno yanayofanana kila muhula: ana akili, ajitahidi kushirikiana.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda Tabora kusoma uhazili kwenye Chuo cha Utumishi wa Umma, kile ambacho wazee wanakiita Chuo cha Uhazili hadi leo. Kama kuna mahali nilipokuwa na raha kabla ya sasa, ni pale. Hati mkato ina kanuni, ukizishika hazikugeuki. Kuchapa bila kutazama vidole nilikujua mapema kuliko wengi darasani. Mwalimu alisoma barua kwa sauti moja, kwa mwendo mmoja, sisi tukaandika. Hakuna aliyetarajia nimwangalie machoni wakati nafanya hivyo.

Niliamini kazi yenyewe itakuwa hivyo. Nikaajiriwa Kahama, kwenye ofisi ya kampuni iliyokuwa inauza vifaa kwa migodi. Kahama ya miaka ile ilikuwa inapanuka kwa dhahabu, Bulyanhulu iliyoanza kuzalisha mwaka 2001 ikiwa upande mmoja, Buzwagi ya mwaka 2009 upande mwingine, na kila wiki kulikuwa na wageni wapya. Katibu muhtasi kwenye ofisi ndogo ndiye pia mapokezi, ndiye simu, ndiye chai. Meneja alikuwa na tabia ya kutoa maagizo manne akiwa anatembea kuelekea kwenye gari, na la tatu likiwa limebatilisha la kwanza. Taa ya mrija juu ya meza yangu ilikuwa inalia mlio mwembamba ambao wenzangu walisema hawausikii. Mchana wao walikwenda kula pamoja. Mimi nilibaki ofisini, kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee iliyokuwa na ukimya. "Wewe binti una dharau," aliniambia meneja siku moja mbele ya wateja, kwa kuwa nilikuwa nimeandika wakati yeye anaongea na sikuinua uso. Nilikuwa naandika alichokuwa anakisema. Mkataba ulipoisha, haukuongezwa.

Baada ya hapo mjomba akanichukua nikamsaidie duka lake Mwakitolyo, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Ambaye hajafika machimboni inabidi aelezwe karasha. Ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Injini ya dizeli inazungusha vyuma, jiwe linaingia likiwa na ukubwa wa ngumi na kutoka likiwa unga, na unga huo ndio unaopelekwa mwaloni kuoshwa ili zebaki ikamate dhahabu. Karasha moja unalisikia mbali. Nyuma ya duka la mjomba yalikuwepo mengi, yanawashwa asubuhi na kuzimwa usiku, na mbele ya duka walikuwepo vijana waliotoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimba, wakiwa na kiu, haraka na hela, kila mmoja anataka kuhudumiwa kwanza. Nilikuwa najificha stoo, naziba masikio, nahesabu katoni. Wateja walisema nina mashetani. Ikafika wakati maneno yakaniisha: kinywa nafungua, hakitoki kitu. Mjomba, ambaye alikuwa amenivumilia kwa wema, akanirudisha Didia.

Nikakaa nyumbani. Kukaa nyumbani kwa msichana aliyesomeshwa ni jambo linalojadiliwa na kila anayepita. Mama alikuwa anauza choroko na mpunga, mimi napika na kufagia uwanja, na kila jioni naandika kwa hati mkato habari za redio, kwa kupenda tu.

Jina la hali yangu lilikuja kwa njia ya mtoto wa dada. Alifika umri wa miaka minne hajaanza kuongea, anapanga vifuniko vya soda kwa mistari, akiguswa ghafla anapiga kelele. Dada anafanya kazi Mwanza, akampeleka hospitali ya Bugando. Daktari, baada ya maswali mengi, akamuuliza kama kwenye ukoo yupo mwingine mwenye tabia za namna hiyo. Dada anasema alicheka bila kutaka.

"Daktari, huyu mtoto ni mama yake mdogo mtupu."

"Huyo mama mdogo ana umri gani?"

Safari iliyofuata tulikwenda mimi na mama. Daktari alitaka kujua mambo ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu: sauti zipi zinaniumiza na zipi zinanituliza, nguo gani siwezi kuvaa, nikipangiwa safari halafu ikaahirishwa napatwa na nini. Ya utotoni alijibu mama. Alipoeleza habari za salamu na mzee aliyeuliza ya Kahama, daktari aliandika kwa muda mrefu. Mwisho akatuambia ni usonji, kwamba hautokani na laana wala malezi, hauambukizi, na mtu huzaliwa nao akazeeka nao. Mama akauliza dawa. Akajibiwa kwamba usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa, lakini mazingira ya mtu yanaweza kurekebishwa. Njia nzima ya kurudi mama hakusema neno, na kwangu huo ulikuwa upole.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa idadi hiyo, mnada wowote mkubwa wa ng'ombe una watu kadhaa wa aina yangu, wengine wakiwa watu wazima wenye wajukuu, wasiojua. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 2 Aprili kuwa siku ya kuelimisha watu juu ya usonji kwa azimio la mwaka 2007, na kila mwaka mabango ya siku hiyo hujaa picha za watoto. Mabango hayana ubaya. Ila watoto hao hukua, wakatafuta kazi.

Nilimwomba dada anitafutie habari za mtu mzima mwenye usonji aliyefanya kazi. Akanipatia za Mmarekani Donald Triplett. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore aliandika makala juu ya watoto 11, na kwa makala hiyo usonji ukaanza kutambuliwa na madaktari. Donald ndiye mtoto wa kwanza kwenye orodha. Alikulia mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, akasoma mpaka chuo kikuu, akarudi kwao, na kuanzia mwaka 1958 akafanya kazi kwenye benki ya mji huo ambayo familia yake ilikuwa na hisa. Alikuwa akisafiri nchi mbalimbali peke yake, akirudi kwenye nyumba ileile. Nilipokuwa nasoma habari zake alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Kwetu hakuna mwenye hisa benki. Lakini kuna jambo nililipata kwenye habari ile: Donald hakutafutiwa kazi ya mbali ya watu maalumu. Kazi ilikuwepo pale mjini kwao, watu wanamjua, naye anajua kila siku itaanzaje. Nikaanza kujiuliza ni kazi gani ya ukanda wetu huu, wa dhahabu, pamba na ng'ombe, inayomhitaji mtu anayeandika haraka, anayekaa peke yake bila kuchoka, na anayetaka kila neno liwe mahali pake.

Jibu lilitoka kwa rafiki niliyesoma naye Tabora. Yeye alikuwa Mwanza akifanya kazi na watafiti, na Mwanza ni mji wa watafiti hasa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo pale. Ni kwenye mkoa huo, miaka ya mwanzo ya 1990, ulikofanyika utafiti ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya vijijini kunaweza kupunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 1995 na kujadiliwa dunia nzima. Kisesa, wilaya ya Magu, afya za wakazi zimekuwa zikifuatiliwa kaya kwa kaya tangu mwaka 1994. Rwamgasa ya Geita ilikuwa moja ya sehemu za mradi wa Umoja wa Mataifa uliochunguza zebaki ya wachimbaji wadogo miaka ya 2000. Watafiti wa namna hii hawaishii kupima damu na maji. Wanakaa na watu, wanauliza, wanarekodi. Vinasa sauti vikirudi mjini, lazima awepo wa kukaa kitako na kuandika kila kilichosemwa.

"Bado unachapa kama zamani?" rafiki aliniandikia. "Na Kisukuma chako cha ndani bado unacho?"

Akanitumia faili moja la majaribio. Nililifungulia kwenye kompyuta ya kukodi, hedifoni za kufunika sikio zima, mlango umefungwa. Alikuwa mama mmoja akihojiwa juu ya maji ya kisima. Mhoji aliongea haraka, mama alijibu nusu Kiswahili nusu Kisukuma, kuku walilia, mtu wa tatu akaingilia. Kwa namna yote ilikuwa ni gulio lile lililokuwa linaniumiza tumbo. Tofauti ni kwamba gulio hili lilikuwa na kitufe. Nikalisimamisha. Nikalirudisha nyuma sekunde tano, nikasikiliza sauti ya mama tu, nikaandika. Nikalirudisha tena, nikasikiliza ya mhoji tu. Nikapunguza mwendo. Kwenye maongezi ya kawaida ukimwomba mtu arudie mara moja anakubali, mara ya pili anakushangaa, mara ya tatu umemkosea adabu. Yule mama nilimrudisha kila nilipotaka, na hakuna siku atakayonuna. Kwa mara ya kwanza niliyasikia mazungumzo ya watu watatu mpaka mwisho bila kuachwa njiani.

Rafiki alirudisha majibu kwa maandishi: nimeweka hata vikohozi na vicheko, jambo ambalo wengi huliruka, nimeonyesha mahali mhojiwa aliponyamaza na kwa sekunde ngapi. Akauliza kama ninaweza kuanza wiki inayofuata. Mama akauza mbuzi, nikanunua laptopu iliyotumika.

Kazi ina vipimo vyake. Saa moja ya mahojiano ya Kiswahili kilichonyooka inakula saa nne mpaka sita za kuandika. Yaliyochanganyika na Kisukuma yanazidi hapo, na yaliyorekodiwa karibu na karasha yanazidi yote. Naomba faili zibanwe kabla ya kutumwa, maana saa moja ya sauti isiyobanwa yaweza kufika megabaiti 600 na kumaliza bando, wakati ikibanwa vizuri kwa ajili ya maongezi haizidi megabaiti 30. Majina ya watu yanaondolewa: panapotajwa jina naandika "mume", "jirani", "mwenyekiti". Nikimaliza nalisikiliza faili zima tena huku nasoma nilichoandika, kisha natuma, na mteja akithibitisha nalifuta. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, wateja wengi hutaka nisaini ahadi ya kutunza siri. Kwangu ahadi hiyo ni rahisi. Sijawahi kuwa na hamu ya kusimulia ya watu.

Kwa hiyo sitasimulia yaliyomo. Naweza kusema tu kwamba yapo mazito. Nimeandika habari za duara zilizoporomoka kwa kukosa matimba ya kuzishikilia, za wanawake wanaosaga na kuosha mawe huku watoto mgongoni, za waliopigwa na waume zao wakaenda zahanati wakasema wameanguka. Watu hudhani mwenye usonji hana moyo wa kuumizwa na ya wengine. Hali yangu ni kinyume. Naumia haraka, ila uso hauonyeshi. Ana kwa ana ningekuwa nimezidiwa, sijui niseme pole ipi wala niweke mikono wapi. Kwenye hedifoni sidaiwi uso wowote; nadaiwa kuandika alichosema bila kukipunguza wala kukiongeza, na hiyo ndiyo pole ninayoweza kumpa mtu kikamilifu. Nina utaratibu: faili zito nalifanya asubuhi, moja tu kwa siku, na baada yake nachambua mchele au namwagilia mipapai. Mtu akisema kazi yangu ni nyepesi namwelewa anachomaanisha, ila mwili wangu ndio unaojua wepesi wenyewe uko wapi. Upo kwenye kujua nini kitakuja saa ngapi.

Chumba changu kimewekwa kwa sababu hiyo hiyo. Dirisha linatazama nyuma, mbali na lami. Taa ni ya balbu ya sola isiyolia. Mama alitundika kitenge mlangoni. Kikiwa kimeshushwa, hakuna anayebisha hodi, hata mgeni wa heshima anapewa kiti na maji nje mpaka mchana. Hilo lilimgharimu mama maneno. Kwa Wasukuma mgeni haachwi akae bila kusalimiwa na watu wote wa nyumba. Aliwaambia wazee: "Mwanangu yuko kazini. Angekuwa Kahama ofisini, mngemfuata huko mkamsalimie?" Wazee walicheka, wakakubali. Sasa baadhi yao huniletea barua zao za kuchapa, na maelezo wanamwachia mama kwenye karatasi.

Yapo yasiyonyooka. Kazi huja kwa msimu: watafiti wakitoka uwandani faili humiminika, halafu miezi inapita kimya. Kuna mteja alipokea kazi yote akapotea na malipo. Tangu hapo sianzi bila makubaliano ya maandishi na sehemu ya fedha mkononi. Umeme unakatika. Msiba ukitokea karibu, vilio na umati bado vinanishinda, na wapo majirani wanaosema najitenga kwa kuwa nimepata hela. Hela zenyewe, mwaka ukiwa mzuri, zinalingana na mshahara wangu wa Kahama, bila nauli wala kodi ya chumba. Na mashine za kuandika sauti zinakuja. Common Voice, mradi wa Mozilla, umekusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea, ili kompyuta zijifunze kusikia lugha yetu. Nimezijaribu programu hizo. Kiswahili cha taarifa ya habari zinakikamata. Bibi wa Geita anayeanza sentensi kwa Kiswahili, kuimaliza kwa Kisukuma na kuchomeka katikati "marudio" na "mwalo" wa machimboni, zinamgeuza kuwa mtu mwingine kabisa. Siku hizi kuna wateja wanaonitumia andiko la mashine nilisahihishe, na kazi hiyo nayo ni ya kukaa, kusikiliza na kurudia. Haijanitisha.

Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mambo mema, na ninawahimiza wenzangu wayafuatilie. Ila kuajiriwa ni mlango, na baada ya mlango kuna chumba. Mimi niliwahi kuajiriwa. Kilichonishinda kilikuwa ndani ya chumba: taa inayolia, maagizo ya kutamkwa njiani, chakula cha pamoja kilichogeuzwa kipimo cha heshima.

Ndiyo maana kila mteja mpya namtumia masharti yangu kwenye ukurasa mmoja. Maelekezo yawe ya maandishi. Likibadilika jambo, nitumiwe ujumbe unaosema lipi limefutwa na lipi limebaki. Simu isipigwe kabla ya kunijulisha saa na sababu. Tarehe ya kukabidhi iwe moja. Kosa likionekana, nionyeshwe liko dakika ya ngapi. Hakuna aliyekataa, na watafiti wawili wameniambia wanautumia ukurasa huo na wafanyakazi wao wengine, ambao hawana usonji, na makosa yamepungua. Ofisi ya Kahama ingeweza kunifanyia hayo yote kwa gharama ya karatasi moja na balbu.

Sisemi kila mwenye usonji akaandike mahojiano. Tumetofautiana mno. Mtoto wa dada, ambaye sasa anasoma na anaongea kwa sentensi fupi, hawezi kuvumilia hedifoni hata dakika moja. Yeye kutwa anafungua redio mbovu na kupanga skrubu kwa ukubwa. Nimemwambia dada asimkimbize kwenye kazi yangu. Kuna kijana wa kijiji jirani tumeanza kumfundisha kuchapa. Anakuja siku mbili zilezile kila wiki, tunakaa vyumba tofauti, tunaandikiana. Mwendo wake ni mdogo kuliko wangu, na hakosei majina ya mahali.

Anayesoma haya na nyumbani kwake kuna kijana anayeitwa mvivu, bubu au mwenye kiburi, asianze kwa kumpeleka kwa mjomba mwenye duka. Amtazame kwanza kwa juma zima bila kumsahihisha: anaziba masikio wapi, anakasirika kitu gani kikihamishwa, ni jambo gani analifanya kwa saa nyingi bila kuagizwa na mtu. Kisha achague kazi moja ya kweli ya nyumba hiyo, hesabu za choroko, kufunga mizigo, kushona, kutengeneza redio, aiandike hatua kwa hatua kwenye karatasi, amkabidhi, na aondoke mlangoni mpaka jioni. Akirudi akague kazi, asiangalie uso. Kazi ikiwa nzuri, amlipe.